Kaimu Mwalimu wa Kidato cha Pili na Maksai Wawili

Niliajiriwa Jumatatu asubuhi, mstarini, nikiwa nimesimamishwa pembeni kwa kosa la kucheka wakati wa wimbo. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa ameondoka Ijumaa na lori la jeshi kwenda mpakani, kwa sababu alipitia Jeshi la Kujenga Taifa na vita havikuwa na nafasi ya kumsubiri amalize kusahihisha insha zetu. Mkuu wa Shule alitutazama Kidato cha Pili kwa huzuni, kisha akanitazama mimi bila huzuni yoyote.

"Wewe wa Kirushya," akasema. "Mdomo wako haupumziki. Sasa utafanya kazi. Kipindi cha Kiingereza ni chako mpaka mwalimu arudi."

"Kwa cheo gani, Ndugu Mkuu?"

"Kaimu. Ukileta utani, kaimu wa vyoo."

Wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza, nyinyi mmenikuta nikiwa mstaafu mwenye umri wa miaka kumi na saba, nimekaa zangu Kidato cha Tatu nikipumzisha koo. Nawaandikia mjue kazi hii ilifanywaje zamani, yaani mwaka jana.

Kiingereza changu nilikipata kwa padre wa kwetu, ambaye nilikuwa namwoshea pikipiki. Padre alikisema kwa wingi zaidi pale pikipiki ilipokataa kuwaka, kwa hiyo maneno mengine sikuweza kuyapeleka darasani. Yaliyobaki yalitosha kuanzia. Wenzangu walinisalimia "Shikamoo Kaimu" kwa kunikejeli, nami nikaitika marahaba bila aibu hata kidogo.

Kazi ilikuwa na sehemu zake. Kulikuwa na imla, ambapo mimi nasoma na wao wanaandika huku wakinung'unika. Kulikuwa na ufahamu, yaani kusoma habari kisha kujibu maswali, na hapo kitabu kimoja kilisomwa na dawati zima, mmoja akikisoma kichwa chini miguu juu. Ya tatu niliibuni mwenyewe: soko. Nilimpa mmoja mawe ya kokoto nikamwambia hayo ni maharage yaliyotoka Kibimba, mwingine akaja kununua, na ugomvi wote wa bei ukawa kwa Kiingereza. Watu ambao hawakuwahi kutamka neno walijikuta wanatukanana kwa ufasaha. Mtu akipunjwa, lugha inakuja yenyewe.

Mmoja tu hakufungua mdomo. Huyo ni Masanja wa Kaniha, mrefu kuliko mlango, aliyekaa dawati la nyuma. Tulipokuwa Kidato cha Kwanza aliwahi kusimamishwa asome kwa sauti, darasa likacheka mpaka mwalimu akagonga meza, na tangu siku hiyo Masanja akawa bubu wa Kiingereza. Kwa Kiswahili aliongea vizuri, kwa Kisukuma ndiyo usiseme.

Siku moja tukinoa majembe aliniambia lililokuwa likimsumbua. Baba yake, aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, alikuwa amesikia kwamba walimu wamekwenda vitani. Alituma neno kwamba kilimo kikifika katikati atakuja mwenyewe kuangalia. Akikuta mtoto hajui kitu, anaondoka naye akachunge. Na Masanja alitaka kuwa mganga wa mifugo, kazi ambayo vitabu vyake vyote vimeandikwa kwa lugha asiyoweza kuifungulia mdomo.

Nilijaribu kumvuta sokoni kwangu, akanunua maharage kwa ishara za mikono.

Halafu nikapata uhamisho. Mwalimu wa Kilimo, mtu wa kofia pana na maneno machache, alisema kipindi kisicho na mwalimu ni mali ya shamba, kwa kuwa elimu ni ya kujitegemea. Mkuu wa Shule alikubali. Kituo changu kipya cha kazi kikawa shamba la mahindi.

Huko kulikuwa na maksai wawili wachanga, zawadi ya kijiji cha jirani, ambao walikuwa hawajawahi kuvaa nira, ule mti unaowaunganisha shingoni ili wavute plau. Aliyejua kuwafundisha alikuwa Masanja peke yake. Nikapewa kazi ya kushika kamba mbele, yeye akashika mikono ya plau nyuma. Nilipowatazama wale maksai nikaona jambo ambalo darasani halikuwapo.

"Masanja," nikamwambia, "hawa waongeleshe kwa Kiingereza."

Akafikiri sana. "Watanicheka?"

"Hawana meno ya juu."

Hapo alicheka yeye. Nikampa sharti moja, kwamba awaambie kwa sentensi kamili na kwa adabu, kama kitabuni. Mimi nilitembea mbele bila kugeuka, na wenzetu walikuwa upande wa pili wakipalilia migomba. Nyuma yangu nikasikia sauti nzito ikiwaomba mabwana wale wawili, tafadhali, waanze safari. Siku zilizofuata waliombwa wageuke kushoto, wakashukuriwa kwa kugeuka, wakaulizwa habari za asubuhi. Mimi nilisahihisha kwa kupunga mkono hewani. Mvua zilipokolea, maksai walikuwa wanaelewa kila kitu, na Masanja alikuwa anawasimulia habari za nyumbani kwao.

Lakini mbele ya binadamu, kimya.

Mzee wake alikuja wakati tunalima. Alivuka shamba na fimbo yake, Mkuu wa Shule akimfuata nyuma kwa haraka, akimweleza kwamba masomo yanaendelea. Tukamwamkia shikamoo sote. Akaitikia, akamtazama mwanawe, akatazama mitaro.

"Masomo ni haya?" akauliza. "Kulima hata kwangu analima. Kusanya vitu vyako, twende."

Halafu, kwa kuwa hakuna Msukuma anayeweza kuona plau ikapita bila kuishika, akamsogeza Masanja pembeni, akashika mwenyewe. Akawaamuru maksai kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu aliyelimisha ng'ombe tangu ujana wake. Maksai wakacheua. Akaongeza sauti. Mmoja akageuza kichwa, akamtazama kama mgeni aliyepotea njia. Darasa zima lilikuwa limeacha majembe na kusogea. Mzee alihema, akamgeukia mwanawe.

"Wana nini hawa? Ni viziwi?"

Masanja alimtazama baba yake, akatutazama sisi, kisha akanitazama mimi. Sikupunga mkono. Akasogea kwenye plau, akasafisha koo, na mbele ya Mkuu wa Shule, Mwalimu wa Kilimo na Kidato cha Pili chote, akawaomba mabwana wale, tafadhali, wasonge mbele polepole. Wakasonga. Akawaomba wageuke mwisho wa mtaro. Wakageuka. Akawaomba wasimame mbele ya mzee wake. Wakasimama, akawashukuru kwa moyo wote. Hakuna aliyecheka.

"Hicho ndicho Kiingereza?" mzee akauliza.

"Ndicho, baba."

"Na ng'ombe wanakisikia." Akazunguka maksai, akawashika masikio, akarudi. "Basi baki usome. Ila likizo ukija, wangu usiwafundishe. Mimi nitaongea na nani?"

Mwalimu wa Kiingereza alirudi vita vilipokwisha, amekonda, anacheka kirahisi kuliko zamani. Nilimkabidhi chaki na kokoto za maharage. Alipomaliza kutusalimia aliandika swali ubaoni, akageuka kunitafuta mimi, kama alivyozoea. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Sauti nzito ikatoka dawati la nyuma, ikamwomba mwalimu, tafadhali, aiache ijibu yenyewe, ikajibu, na ikaendelea kujibu hata baada ya kengele kulia.

Nikafunga mdomo wangu. Kustaafu ni kutamu, wadogo zangu, hasa ukifukuzwa kazi na mwanafunzi wako.