Saini Mbili, Fanta Mbili

Katika miaka yote niliyohudhuria mikutano ya komite ya wazazi, sikuwahi kumwona mtu aliyekuja kwa ajili ya watoto. Tulikuja kwa ajili ya Fanta. Mlangoni unatia saini kwenye karatasi ya mahudhurio, unapewa chupa yako, unajibana kwenye dawati la mtoto, na prezida wa komite anaanza kujisifu. Mwanaume yule alikuwa na duka la mabati na sauti ya mhubiri, na kuhusu shule hakujua lolote zaidi ya rangi ya geti aliyoichagua mwenyewe. "Sisi tuko familia moja," alikuwa akisema, na sisi mabwege tunapiga makofi.

Jumamosi moja karatasi ilikuwa tupu juu. Mwandishi wa komite alisema kichwa kitaandikwa baadaye. Hakuna aliyeuliza kichwa gani, maana chupa zilikuwa baridi. Mimi nilitia saini mara mbili, yangu na ya mume wangu, ambaye saa ile alikuwa mtaa wa Gihosha akiwajengea watu ukuta. Nikapewa Fanta mbili, nikazinywa zote palepale, kwani chupa hurudishwa.

Jumatano karatasi yetu ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa ofisi, na sasa ilikuwa na kichwa: sisi wazazi tunaomba mwalimu wa darasa la tano ahamishwe kwa utovu wa adabu. Utovu wenyewe tuliujua. Mtoto wa prezida alifeli hesabu, baba yake akataka alama zirekebishwe, mwalimu akakataa. Basi.

Mwalimu huyo ndiye aliyemfundisha binti yangu kusoma. Miaka minne shule ilimpandisha madarasa bila yeye kujua herufi, mpaka mama yule mwalimu akawa anabaki naye kila mchana. Siku moja mtoto akaja mezani kwangu soko la Jabe, ninapouza vitenge, akanisomea kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi. Nililia mbele ya wateja. Kwa hiyo niliingia ofisini nikiwaka moto.

Walikuwa wawili: prezida, na mwalimu mkuu ambaye kazi yake ilikuwa kuitikia kwa kichwa.

"Hii karatasi tulisaini ya kuonesha tulikuja mu mukutano," nikasema. "Hakuna muzazi alisaini barua. Muitoe, ama mi naenda kusema kwa komine, kwa wakubwa wa serikali."

Prezida hakukasirika hata kidogo. Alishusha kidole kwenye karatasi, polepole, mpaka kwenye jina la mume wangu.

"Mama, na huyu bwana yako alikuja? Mi sikumuona. Nani alimusainia?" Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa. "Kusaini jina la mutu mwingine, mama, hiyo inafunga mutu. Kwa komine wataanza na hiyo."

Mwizi ananisomea sheria! Na mimi, ambaye mdomo wangu unaogopwa soko zima, nikasema, "Apana, Prezida, nilikuwa nauliza tu." Nikatoka. Wale wawili nawadharau mpaka leo, lakini wao angalau walipata walichokitaka. Mimi nilinunuliwa kwa soda, tena yenyewe nilikuwa nimeshaimaliza.

Mwalimu alihamishiwa shule ya mbali huko milimani. Kabla ya kuondoka alipita mezani kwangu kununua kitenge. Ile karatasi alikuwa ameisoma jina kwa jina.

"Mama, we nakuelewa, uliogopa," akasema. "Lakini bwana yako nilimukosea nini? Mi simujui hata sura."

Nilikunja kitenge, nikakikunjua, nikakikunja tena.

"Umusamehe, mwalimu," nikamwambia. "Ule mwanaume ana roho mubaya."

Akaniamini. Akanishika mkono, akanipa pole.