Jipu Lililokunywa Samadi

Mume wangu alizaliwa Kiambere, mahali ambapo mtu husimama shambani kwao akitazama maji ya bwawa yakimetameta kule chini huku mahindi yake yakikauka miguuni pake. Alikulia kwenye ndengu, mtama na maziwa ya mbuzi. Mboga za majani kwao zilikuwa mambo ya msimu wa mvua, na mvua yenyewe ilikuwa na madharau. Ndiyo maana tulipopata kiwanja chetu pembeni mwa mji wa Embu hakuuliza sebule itakuwa na ukubwa gani. Aliuliza bomba la maji litapita wapi.

Mimi ni mtoto wa Kanyakine, upande wa Meru, ambako ukiangusha mbegu kwa bahati mbaya utakuta imeota kabla hujaisahau. Sukuma wiki haijawahi kunishangaza. Kinachonifurahisha mimi ni chuma kilichokufa kikiamka.

Baba yangu alikuwa na gari la jipu, yale ya zamani ya milango ya bati na vioo vya kusukuma kwa mkono, yaliyopita kwenye matope ambayo hata punda aliyakataa. Kila Jumamosi lilikuwa linafunguliwa injini na kufungwa tena. Ndugu zangu wa kiume walikimbilia mpira. Mimi ndiye niliyelala chini ya gari nikimshikia baba tochi, nikimpa spana kabla hajaitaja. Baba alipofariki, jipu lilibaki kwenye mibuni, kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Siku tuliyokaa kama familia kuzungumzia vitu vyake, ndugu zangu walikuwa wameshaongea na mtu wa vyuma chakavu. Nikasema, nipeni mimi. Walicheka.

"Wewe uliolewa," akasema kaka yangu mkubwa. "Gari ya mzee inabaki kwa boma ya mzee."

"Inabaki aje na mnaiuza kwa kilo?"

Mwanamume akibanwa mbele ya wake za ndugu zake hutoa masharti. Akasema, haya, nilichukue. Lakini siku ya ibada ya shukrani ya mama, ambayo tulikuwa tumepanga kuifanya nyumbani mwaka uliofuata, lije lenyewe. Likifika kwa injini yake kabla ya sala kuanza, ni langu, na hakuna atakayelizungumzia tena. Likivutwa kwa kamba hata hatua moja, linakwenda kwa kilo. Nikakubali hapo hapo. Hasira zangu ziko karibu, na siku hiyo zilinisaidia kuliko akili.

Lori lililibeba hadi Embu na kulishusha nyuma ya nyumba, katikati ya tuta la terere, mchicha wetu. Mume wangu alisimama akilitazama kama mtu aliyeletewa mke mwenza. Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu, yeye alikuwa amestaafu kazi ya ofisi, na kila mmoja alikuwa ameuhesabu uwanja ule kuwa wake.

"Mwalimu," akaniambia, kwa maana ndivyo anavyoniita akiwa amekasirika au akiwa amenipenda sana, "hii kitu itakaa hapa mpaka lini?"

"Mpaka itoke yenyewe, mzee."

Majirani walipata la kusema. Katika sehemu zetu mwanamume akipanda, anapanda viazi vikuu, ndizi na miraa, vitu vya kusimama na kuonekana kutoka barabarani. Mboga za jikoni ni za mama. Sasa hapa kulikuwa na mzee mwenye mvi akichuma managu, yaani mnavu, kwa ungo, na mkewe miguu tu ikionekana chini ya gari. Mama mmoja wa kanisani aliniuliza kwa upole kama tumewahi kufikiria kuonana na mchungaji. Nikamwambia mchungaji akija aje na gasketi ya injini.

Injini ilikuwa imekwama kabisa. Nilifungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, nikakuta pistoni zimeshikana na kutu, nikazimwagia dizeli na oili, nikaziacha ziloe. Kila asubuhi baada ya chai nilikuwa nakwenda kusukuma gari mbele na nyuma likiwa kwenye gia, nikisikiliza. Halikujibu. Wiki zikapita. Panya walikuwa wametafuna nyaya zote, tangi la petroli lilikuwa linavuja, nami nikawa naliziba kwa sabuni ya kipande huku nikimtafuta fundi wa kulichomelea. Viti nilivishona mwenyewe kwa turubai. Asubuhi moja nilisukuma, na badala ya ukuta nikakutana na kitu kilicholegea kidogo, upana wa kucha tu. Nilikaa kwenye matope nikalia, na siwezi kusema kilikuwa kilio cha nini kama si cha ushindi.

Wakati huo huo mume wangu naye hakuwa amelala. Sukuma wiki zake zilipanda kwenye magunia, moja juu ya jingine, mpaka zikachungulia dirisha la jikoni. Magurudumu ya zamani ya jipu, yale yaliyokwisha, aliyageuza vitanda vya dania ya kutia kwenye mchuzi. Kwenye pipa nyuma ya choo alichachusha samadi ya mbuzi pamoja na majani ya alizeti mwitu, akawa anakoroga kila jioni kwa mti mrefu, kisha anachuja kwa leso yangu kuukuu, tena na tena, kwa sababu takataka zikibaki huziba matundu ya kopo la kumwagilia. Maji yale yalinuka kiasi cha kumtoa machozi mtu aliyezoea vyoo vya shule. Lakini mboga ziliyanywa zikanenepa.

Tuligombana kwa kweli mara moja tu. Oili ilivuja usiku ikaingia kwenye managu, na kulipokucha majani yalikuwa yamelala. Siku nzima alikuwa aking'oa yaliyoharibika. Kesho yake nilimkuta amepiga magoti akipanda vitunguu vya majani kwa mstari mnyoofu, toka ukuta hadi ukuta.

"Huu ndio mpaka," akasema. "Hii side ni mboga. Hiyo side ni oili yako."

Nikauheshimu. Niliweka bati chini ya injini, na jioni nilipomaliza kazi nilipita upande wake nikamsaidia kunyunyiza majivu kwenye sukuma zilizoingiwa na vidukari. Naye akaanza kuvuka kuja kunishikia taa. Hakujua spana ya kumi na tatu na ya kumi na saba zinatofautianaje, lakini alishika taa vizuri, bila kutikisika, nami nilijua ugumu wa kazi ile.

Jipu liliwaka siku moja mchana wa jua. Lilikohoa, likatema moshi mweusi juu ya dania yote, likazima. Nikalirudia. Likakohoa tena, kisha likaanza kunguruma kwa sauti ile ile niliyoisikia utotoni nikiwa kitandani, nikijua baba amerudi. Mume wangu alikuwa amesimama katikati ya dania zilizotiwa masizi, akipiga makofi.

Asubuhi ya ibada tulipakia mboga nyuma: mafungu ya sukuma, managu, na terere za kupondwa na viazi kwenye mukimo wa wageni wote. Nilimwomba mume wangu aweke mtungi wa maji safi kwa ajili ya redieta. Akaweka mtungi wa njano. Tukatoka getini, majirani wakiwa wamejipanga kama wanaosubiri matanga, na tukawapungia mkono.

Runyenjes tukapita. Chuka tukapita, nami nikaanza kuimba. Ng'ombe hasifiwi kabla hajakamuliwa, lakini mimi nilikuwa nimeshamsifu mpaka kwato. Baada ya Chuka barabara inateremka kwenda mto Nithi, mteremko unaojulikana na kila dereva wa upande huu, na nilishuka kwa gia ndogo breki zikinitii. Tulivuka daraja. Tulipokuwa katikati ya kupanda ng'ambo, mpira wa redieta ukachomoka na mvuke ukafunika kioo chote. Nikaegesha pembeni, mume wangu akaruka kuweka mawe nyuma ya magurudumu.

Nilikata kipande cha tyubu ya gurudumu, nikaurudisha mpira mahali pake na kuufunga kwa nguvu zangu zote, vidole vikiungua. "Maji, mzee!" Akaleta mtungi, akamimina haraka haraka, mtungi mzima, kama anavyomwagilia. Ndipo harufu ikatufikia.

Tulitazamana. Alikuwa amebeba samadi yake. Alikusudia kumpelekea mama mtungi mmoja kwa ajili ya mboga zake, na mitungi yetu yote ni ya njano, na ule wa maji safi ulikuwa umebaki Embu kando ya vitunguu. Nilimwambia maneno ambayo mwalimu mstaafu hapaswi kuyasema kando ya barabara kuu.

Lori la miraa likasimama. Dereva, mtu wa Maua mwenye kofia nyeupe ya kufuma, alishuka, akakunja pua, akauliza kwa heshima, "Mama yangu, hii gari imekunywa nini?"

Mume wangu akamweleza. Yule bwana alicheka mpaka akashika mlango wa lori lake. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu pale si mahali pa kukaa. Malori yanateremka kwa kasi na kona ni mbaya. Akafungua sanduku akatoa kamba nene.

"Nitawavuta mpaka juu tu. Hapo kuna nyumba, kuna maji."

Niliitazama kamba ile. Ilikuwa nzuri, mpya, na mtu aliyeishika alikuwa na nia njema. Kichwani nilimwona kaka yangu akiwa amesimama getini kwa mama. Hatua moja tu kwa kamba, na ningejua, hata kama yeye asingejua.

"Asante, baba," nikamwambia. "Lakini hii itapanda yenyewe ama nitalala hapa."

"Mwalimu," mume wangu akasema polepole. "Nilichuja. Unajua vile mimi huchuja. Haina hata unyasi moja."

Nilikuwa nimemkasirikia kiasi cha kutotaka kumsikia, lakini leso ile naijua. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, hata yakiwa ya choo cha mbuzi. Nikasubiri chuma kipoe, nikaingia, nikawasha. Jipu likawaka. Mume wangu akaondoa mawe na kurukia ndani, nami nikatia gia ya kwanza, nikawa naangalia sindano ya joto zaidi kuliko barabara. Ilipanda, ikasita, ikakaa. Yule dereva wa Maua alitufuata nyuma kwa mwendo wa jongoo, taa zake zikiwaka ili wengine wasitugonge, mpaka tukafika juu. Hapo akapiga honi ndefu na kutupita, na mimi nikapiga yangu, ambayo ilitoa sauti ya mbuzi. Nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti cha ualimu.

Tuliacha lami tukaingia Kanyakine tukinuka zizi. Watoto walitukimbilia kisha wakarudi nyuma. Nyumbani hema lilikuwa limejaa, mchungaji alikuwa bado anafunua Biblia. Niliingia mpaka kwenye nyasi mbele ya hema, nikazima injini, na watu wakasimama.

Kaka yangu mkubwa alilizunguka jipu. Aliinama akaangalia mbele, pale kamba hufungwa. Akaangalia nyuma pia.

"Mmevutwa mpaka wapi?"

"Gusa boneti."

Akaigusa, akautoa mkono haraka na kuunusa. Uso wake ulikuwa umenuna. Lakini kaka yangu, pamoja na ubishi wake, si mtu wa kula maneno aliyoyasema mbele za watu. Alinyoosha mgongo akasema kwa sauti ya kusikika hema zima, "Sawa. Ni lake. Hakuna mtu ataongea hiyo maneno tena." Wake za ndugu zangu ndio walioanza vigelegele. Mume wangu alikuwa nyuma ya gari akishusha sukuma kwa waliokuja kusaidia, akijifanya hana habari, mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Baada ya sala na chakula, kaka yangu alikuja akiwa amechangamka, akafungua mlango wa kushoto wa mbele, akajiweka kwenye kile kiti kando ya dereva na kukunja mikono kifuani. "Haya, twende mpaka sokoni watu waone gari ya mzee imefufuka."

Mama alikuwa amekuja taratibu na fimbo yake, amevaa kitenge kipya cha siku ile. Akasimama kwenye mlango ule ule uliokuwa wazi.

"Shuka, baba," akamwambia.

"Mama, utachoka. Hii inaruka ruka sana."

"Kwa hii gari mimi nilikuwa nakaa huko nyuma na ndizi na mbuzi. Hapo mbele palikuwa pa wanaume. Hata siku ile nilipelekwa hospitali kukuzaa wewe, nilikaa huko nyuma, nikishikilia chuma." Hakuwa amekasirika. Alisema tu, kama anayeeleza njia. "Sasa ni ya msichana wangu. Shuka nikae."

Kaka yangu alishuka. Hakuna aliyecheka. Alimshika mama mkono na kiuno, akampandisha, akamwekea fimbo magotini, kisha akazunguka kwenda kupanda nyuma, ambako mume wangu alimwomba asikalie terere zilizobaki.

Niliwasha. Mama alishika dashibodi kwa mkono mmoja, akaipapasa, akatengeneza kilemba chake kwa ule mwingine. Tulipofika getini na soko likaonekana, na mimi nikiwa tayari kubadilisha gia, akaniwekea mkono kwenye goti.

"Enda polepole," akasema. "Nataka wanione."