Mawifi na Kibonge Aliyegoma Kula

Kwenye karakana ya samani walimwita Msasa, na hata siku ya mshahara aliitwa kwa jina hilo. Kazi yake ilikuwa kusugua mbao kwa msasa mpaka zilainike kama shavu la mtoto, kisha kuzipaka vanishi. Ila wenzake hawakumpa jina hilo kwa sababu ya kazi tu. Mteja akija juu kwamba meza yake imechelewa, Msasa alimjibu maneno machache, na mteja akaondoka amechubuka bila kujua ameguswa wapi. Fundi mkuu alimpenda kwa hilo. Nyumbani hakuna aliyempenda kwa hilo.

Nyumbani kulikuwa na wifi yake.

Wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe. Ndoa yake ilivunjika, akaja na cherehani na masanduku mawili, akisema anapumzika kidogo, na hiyo kidogo ikaota mizizi. Akaiteka sebule. Alishona mapazia marefu meupe ya maofisi na zahanati, akayatundika kila mahali, hata mtu aliyetaka kwenda jikoni ilibidi apite kama anaogelea. Na Msasa kila jioni anarudi na vumbi la mbao kichwani, mabegani, mpaka ndani ya masikio. Mwaka juzi aliligusa pazia moja wakati akipita, likabaki na alama ya kiganja, na mteja akalikataa. Wifi akasema neno kuhusu wanawake wanaokimbilia kazi za kiume kwa kukosa sura. Msasa akajibu neno kuhusu wanawake wanaorudishwa kwao kama bidhaa mbovu. Tangu hapo hawakusemezana.

Yaani hawakusemezana uso kwa uso, maana kulikuwa na Kibonge.

Kibonge alikuwa simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia, mviringo kama kofia ya manyoya iliyoota miguu. Alikuwa wa binti yake Msasa, ambaye alikwenda shule ya bweni akamwacha kwenye banda ambalo mama yake alilipigilia kwa mabaki ya karakana. Banda lilikaa kwenye korido, kati ya jikoni na sebule, yaani mpakani kabisa.

"Kibonge baba," Msasa alikuwa akisema huku anavua viatu, kwa sauti ya kufika sebuleni, "leo umepata pa kupumulia, au wametundika mashuka mpaka puani kwako?"

Cherehani inanyamaza. "Kibonge mwanangu," wifi anajibu kutoka kwenye mapazia, "ukisikia harufu ya vanishi usishtuke. Hatujaletewa jeneza. Ni mtu tu karudi kazini."

Kibonge anatafuna, anawasikiliza wote wawili. Mwenye nyumba, mume wa Msasa, alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Akirudi alikuwa amechoka, analala. Aliwaambia madereva wenzake kwamba kwake kuna amani, mke wake na dada yake hata sauti hawapandishiani.

Jioni moja Msasa alisukuma geti, geti likalia, lakini mluzi haukuja. Kwa kawaida Kibonge akisikia geti alipiga mluzi mwembamba kama birika linalotaka kuchemka. Msasa akaenda bandani bila kuvua viatu. Alimkuta amejikunja konani, manyoya yamesimama kama mtu mwenye homa, kidevu kimelowa mate. Majani ya kabichi yalikuwa mbele yake, yamenyauka, hayajang'atwa hata pembeni. Sakafu ya banda, iliyozoea kujaa vinyesi kama punje, ilikuwa karibu safi.

"Kibonge," akasema kwa sauti ile ile ya kufika sebuleni, "nani kakulisha sumu?"

Cherehani ikasimama. Pazia likafunguka, wifi akatokea na futi ya kupimia shingoni.

"Leo hana nguvu ya kubeba maneno yako. Niambie mwenyewe."

Msasa alimwangalia kana kwamba ukuta ndio umesema. Kisha akajibu.

"Basi nakuuliza wewe. Umempa nini?"

"Sijampa kitu. Toka asubuhi hali. Nimempa karoti, kaipeleka mdomoni, kaiacha."

"Toka asubuhi! Na wewe umekaa unashona?"

"Nilitaka nikupigie. Namba yako sina. Niliifuta."

Msasa akainamia banda, kwa sababu na yeye ya wifi alikwishaifuta.

Asubuhi iliyofuata walimpeleka kwa daktari wa mifugo, wote wawili, kwa sababu hakuna aliyemwamini mwenzake kumbeba. Msasa alibeba katoni ya nyuzi ambamo Kibonge alilala juu ya kitambaa, na wifi akafuata nyuma, akikemea kila alipoona katoni imeinama.

"Angalia njia, wifi. Unabeba roho."

"Ungeibeba wewe roho, ungeishonea pindo."

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye gambuti zilizokauka tope, na chumba chake kilinuka dawa za kuku.

"Mama yake ni nani hapa?" akauliza.

"Mimi," wakasema wote.

Daktari hakucheka. Alimshika Kibonge kwa kiganja kimoja, akampima kwenye mizani, akamfungua mdomo kwa kifaa kidogo na kuchungulia kwa tochi. Alichungulia muda mrefu.

"Anakula nini huyu?"

"Majani," akasema Msasa.

"Majani," akasema wifi.

"Anayekula majani magego yake hayawi hivi. Meno ya simbilisi hayaachi kuota mpaka anakufa. Yanapunguzwa na kutafuna nyasi kutwa nzima. Ya huyu yameota yakainama, yanamkata ulimi. Njaa anayo, ila kila akitafuna anajichoma. Nani anampa vitu laini?"

Jogoo wa mtu mwingine aliwika ndani ya boksi.

"Mkate," akasema Msasa hatimaye. "Nachovya kwenye chai. Asubuhi, kabla sijatoka."

Wifi akageuka upesi, uso umejaa ushindi, kisha akaona daktari anamngoja na yeye. "Biskuti," akasema. "Mchana. Siyo nyingi."

"Mnampa ili iweje?"

Ukweli ni kwamba kila mmoja alitaka ule mluzi upigwe kwa ajili yake. Msasa alijua siku nyingi kwamba mchana Kibonge anampigia wifi mluzi, na jambo hilo lilimuuma kuliko alama zote za mapazia duniani.

"Mmemlisha kama mgeni mnayegombania alale kwa nani," daktari akasema. Akampa dawa ya usingizi, akayapunguza yale magego. Alipomaliza aliwapa dawa ya maumivu na bomba la sindano lisilo na sindano, akawaelekeza kwa ukali. Chakula cha sungura kilowekwe kiwe uji mzito, kichanganywe na pilipili hoho iliyosagwa. Mmoja amshike, mwingine amlishe kwa pembeni ya mdomo, kidogo kidogo, asilazwe chali, na wasiongeze kabla hajameza. Warudie kutwa nzima, bila kumwachia nafasi ndefu. "Tumbo la huyu halina likizo. Likikaa tupu linasimama, na likisimama mmemzika. Nyasi ziwe mbele yake muda wote. Na msigombane juu yake. Akiogopa hatakula. Mkitaka kuuana, ngojeni apone."

Fundi mkuu alimruhusu Msasa awe anarudi nyumbani mchana. Wakaweka vigoda viwili pale koridoni, wakakaa magoti yanagusana, jambo ambalo hata mmoja wao asingelifanya hata kwa kulipwa. Msasa alimviringisha Kibonge kwenye taulo, kichwa nje, akamshika kifuani. Wifi, mwenye vidole vyembamba vya kupenyeza uzi, alishika bomba.

Kwa kuwa daktari alikataza makelele, walitukanana kwa sauti ya kumbembeleza mtoto.

"Taratibu, wifi," Msasa alinong'ona kwa upole. "Unamsukumia kama unajaza lori mafuta."

"Na wewe unamkaba, wifi. Hiyo siyo mbao."

"Anakugeuzia uso kwa sababu amekuona."

"Anageuza uso kwa sababu mikono yako inanuka vanishi."

Msasa akanawa, akasugua kwa ndimu na sabuni mpaka ngozi ikawasha. Siku iliyofuata harufu ilikuwa pale pale. Kibonge alitema nusu ya kila alichopewa, uji wa kijani ukawarukia mapajani, kifuani, na mara moja kwenye pazia jipya. Wifi aliliangalia lile doa, akajaza bomba tena. Msasa aliliona hilo.

Mchana mmoja, Kibonge akiwa amemeza vizuri kidogo, Msasa aliuliza kwa ile ile sauti ya kubembeleza, "Hivi wifi, kwetu utaondoka lini?"

"Siku mumeo atakaponiruhusu."

"Akuruhusu? Nani kakushika?"

"Unadhani napenda kulala na mapazia ya watu? Chumba nilishapata zamani. Akanikatalia. Akaniambia, dada, kaa. Mimi niko barabarani, na mke wangu anashinda na wanaume karakanani. Nitazamie nyendo zake."

Taulo halikutikisika. Msasa alikuwa ameambiwa mengine na mume huyo huyo: dada hana pa kwenda, analia, mvumilie kwa ajili yangu.

"Na wewe ukamtazamia," akasema.

"Akipiga simu ananiuliza umerudi saa ngapi. Namwambia."

"Na mwaka juzi, nilipochelewa kwa ile kazi ya makabati, mpaka akaacha kuniongelesha safari nzima?"

Wifi alifuta ncha ya bomba kwa kidole. "Nilimwambia umechelewa. Ulikuwa umechelewa."

Msasa alitaka kusimama. Alitaka kutupa taulo, kuvuta mapazia yote chini na kuyakanyaga na viatu vyake vya vumbi. Lakini ndani ya taulo kulikuwa na moyo mdogo uliokuwa unakimbia kwenye kiganja chake, na daktari alisema akiogopa hatakula.

"Muongeze," akasema. "Hajashiba."

Ilipita karibu wiki ndipo Kibonge akavuta jani la nyasi mwenyewe. Walimwangalia, kila mmoja upande wake wa banda. Jani liliingia mdomoni polepole, likasimama, kisha likaendelea kuingia. Wifi alijifuta macho kwa futi ya kupimia. Hawakuangaliana.

Mume aliporudi, Msasa hakumngoja alale. Alimkalisha sebuleni, katikati ya mapazia, wifi akiwa kwenye cherehani yake, akamuuliza kama ni kweli amemweka dada yake amchunguze.

Mume alimgeukia dada yake. "Dada, umesema hivyo?"

Wifi aliinama kwenye pindo. "Mimi? Nimesema nini mimi? Sisi na wifi tangu lini tunaongea?"

Mume akacheka, amefarijika. "Mke wangu, umekaa na panya wako mpaka umeanza kusikia sauti."

Msasa alimwangalia wifi. Aliona jinsi macho ya yule mwanamke yalivyopita haraka juu ya cherehani, juu ya masanduku, juu ya paa, kama mtu anayehesabu vyake moto ukiwa unakuja. Msasa alielewa kabisa. Kuelewa hakukumpunguzia hasira hata chembe.

Kesho yake aliazima mkokoteni wa karakana. Akapakia godoro, nguo, sufuria, na juu kabisa banda na Kibonge ndani.

"Unakwenda wapi na huyo panya?" mume akauliza akiwa mlangoni na mswaki mdomoni.

"Mahali ambapo nikichelewa, nimechelewa mwenyewe."

Alipanga chumba jirani na karakana. Kilikuwa kidogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili, lakini hakikuwa na pazia hata moja. Binti alipopiga simu kutoka shuleni aliambiwa yote, kisha akauliza, "Mama, Kibonge anakula?"

"Anakula."

"Na shangazi?"

"Shangazi yako naye anakula. Hana ugonjwa."

Mume alikuja. Aliomba, akatisha, akaomba tena, akaondoka na lori. Fundi mkuu alijitolea kwenda kusuluhisha, akajibiwa maneno machache na Msasa, akarudi kwenye randa yake. Msasa alifanya kazi, alirudi saa aliyotaka, alikata nyasi kandokando ya njia na kumjazia Kibonge banda. Jioni nyingine alijikuta anamwambia Kibonge maneno kwa sauti kubwa, halafu akakumbuka hakuna wa kuyasikia, na hasira ikampanda upya kwa kukosa pa kutua.

Jumamosi moja mlango uligongwa. Wifi alisimama nje, ameshika mfuko uliojaa nyasi, mikono ina mikwaruzo.

"Sikuja kwako," akasema.

"Najua."

"Usimpe za kando ya barabara, zina moshi. Hizi nimekata nyuma ya zahanati."

Msasa akapokea mfuko. Hakumpisha mlangoni. Wifi alichungulia juu ya bega lake, akijaribu kuliona banda.

"Kile chumba kilishachukuliwa, sina pengine pa kulala," wifi akasema. "Ulitaka niseme nini mbele yake?"

"Ulichoniambia mimi."

"Kwako ni rahisi. Una mikono inayolipwa kila mwezi."

"Na wewe una mdomo," Msasa akasema, "unaotumika pale tu usipokugharimu."

Akafunga mlango. Alimwaga nyasi bandani. Zilikuwa laini, zimechambuliwa, hakuna mwiba hata mmoja. Kibonge akavuta jani la kwanza, akavuta la pili. Chini ya mlango kivuli cha miguu miwili kilikaa kidogo, kisha kikaondoka.

Jumamosi iliyofuata Msasa alikuta mfuko mwingine kizingitini. Hakusikia hodi. Akauingiza ndani.