Mstari Uliotolewa Nje ya Mabano

Walimwaga maziwa miguuni pangu. Alianza jirani yangu wa boma la juu, wengine wakafuata, hadi kandambili zangu zikazama kwenye tope jeupe.

"Yeyo," alisema, na hilo neno la Kimaasai la kumwita mama alilitamka kama anatema, "ng'ombe wetu wote wameugua leo, siyo? Wako tu ndiye mzima!"

Simu zao zilikuwa na ujumbe mmoja kutoka kituo chetu cha kukusanya maziwa: maziwa yako yamekataliwa. Dereva wa gari la maziwa naye alishaona majibu hayohayo. Alipakia ndoo chache za mwanzo, yangu ikiwemo, akaondoka zake.

Mpimaji pale ni mimi. Walinichagua kwa sababu siamini maziwa ya mtu. Niliwahi kulazwa kwa homa ya maziwa mabichi, niliyouziwa na mwenzetu aliyejua ng'ombe wake anatupa mimba, akanyamaza. Mimi viungo vinauma mpaka leo, yeye anaimba kwaya mstari wa mbele.

Kikundi chetu cha akina mama wa maziwa kilipopewa kompyuta, wakanipeleka Sekei, mjini, kwenye darasa la kuandika programu, ili majibu ya kila ndoo yatumwe kwa simu. Mimi wa darasa la saba, katikati ya wasichana wenye kucha ndefu. Mwalimu alikuwa kijana mtanashati, mwenye shikamoo nyingi kupita kiasi.

"Kila mama wa kikundi, humu ndani ni kitu," alisema. "Kitu hicho kinabeba jina la mama na majibu ya maziwa yake."

"Mimi kitu?"

"Kwa kompyuta tu, mama."

"Na wewe?"

"Mimi mwalimu." Darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Akaandika mabano mawili yaliyopinda kiuno. Maagizo yaliyo ndani ya mabano, alisema, kompyuta inayabeba kama fungu moja na kuyarudia kwa kila mama, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Ya nje inayafanya mara moja tu. Sikumwelewa. Akavuta kiti.

"Mama, ukishapima ndoo moja kwa spiriti, kikombe unakifanyaje?"

"Nakisuuza."

"Mara moja asubuhi, au kila ndoo?"

"Unataka kutuua? Kila ndoo! Maziwa mabaya huganda kwenye spiriti; ya huyu yakibaki kikombeni, ya mwenzake nayo yataonekana mabaya."

"Basi kusuuza kukae ndani ya mabano."

Hapo nikaelewa, siwezi kumnyima haki yake. Mstari wa kusuuza ulikuwa ule unaorudisha jibu kuwa "safi" kabla ya kumgusa mama anayefuata. Niliuandika ndani kwa mkono wangu, tukaijaribu programu kwa majibu ya ndoo mbaya katikati, ikakataa hiyo moja tu.

Kisha wakaja wageni wa darasa. Nilirudi kutoka chooni nikamkuta mwalimu amekalia kiti changu.

"Umegusa nini?"

"Nimeipunguza programu kidogo tu, mama, isiwe ndefu machoni pa wageni."

Nikaijaribu tena mbele yao kwa majibu ya maziwa yetu ya siku ile. Yote yalikuwa mazuri, ikajibu vizuri, wakapiga makofi. Lakini yale macho yake kukwepa yangu, sikuyapenda.

Kituoni nako ilienda salama, hadi asubuhi hiyo ya kumwagiwa, maziwa ya ndoo ya mmoja wetu yalipoganda. Wote waliokuwa nyuma yake wakakataliwa pamoja naye. Walipomaliza kunimwagia nilifungua kompyuta. Mstari wa kusuuza ulikuwa umekaa juu, nje ya mabano.

Nilimpigia mwalimu. "Mama, pengine ulibonyeza vibaya," akasema, taratibu, kama anambembeleza mtoto. Mwenyekiti wa kikundi naye akampigia, akaridhika na jibu hilohilo. Sasa wanataka kuniondoa kwenye kupima, na huko njiani wanasema nilikusudia, eti nalipiza ile homa yangu.

Namtaja: ni mwalimu wa Sekei, na mwenyekiti anamkingia kifua. Nimeacha mstari ulivyo, sijaugusa. Mwalimu aje kituoni, akina mama wakiwepo na ndoo zao, aufungue mbele yao aseme ni mkono wa nani uliouhamisha. Na mwenyekiti asimame pembeni yake aeleze kwa nini aliuliza upande mmoja.