Taya Langu na Ngumi Yake

Mume wangu alinipiga ngumi mchana kweupe, pale kwenye mashine ya kukamulia mawese, kwa sababu nilisema mbele ya wenzake kwamba anachanganya mafuta mapya na yale yaliyochacha. Na kweli alikuwa anachanganya. Ngumi ilitua chini ya sikio la kulia, nikasikia kaa! ndani ya kichwa, na tangu hapo mdomo haukufunguka zaidi ya upana wa kidole kimoja. Mimi, muuza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani, wa soko la Rumonge, ambaye mteja alinisikia kabla hajaniona! Mdomo ndio uliokuwa duka langu.

Nilikimbilia kwa wazazi wangu, Muhuta. Mama alinikanda shavu kwa chumvi ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa, na hilo ndilo jambo pekee la maana nililofanyiwa kwa wiki tatu. Kwa kuwa maumivu yalipanda sikioni na kushuka kwenye magego, kila mtu alisema ni jino. Fundi mmoja wa meno, asiye hata na kibao mlangoni, alining'oa magego mawili mazima, hayana tundu wala doa. Taya likabaki vilevile. Ndipo baba akamwita mjomba, muunga mifupa, naye akalazimisha kidole gumba kati ya meno yangu, akasukuma chini kwa uzito wake wote mpaka nikajikojolea mkekani. Nilimchukia fundi, nikamchukia mjomba, lakini yule mwenye ngumi, aliyebaki Rumonge, nilimchukia hata usingizini. Nilisaga meno usiku kucha, na asubuhi mashavu yaliniuma kama niliyetafuna mua mpaka kumekucha.

Kwetu mke akikimbilia kwao, mume humfuata na pombe. Wazee waamuzi wa kilima, yaani wa kijiji, wanaketi, wanasikiliza pande mbili, na mke akikubali kunywa kutoka chungu kimoja na mumewe, maneno yamekwisha, anarudi. Wangu alikuja na pombe ya mtama. Akasema niliteleza kwenye makapi ya mawese nikajigonga. Alisema hivyo bila kupepesa macho, mshenzi yule.

Wazee wakanigeukia. Nikajaribu kupanua mdomo, taya likakwama, machozi yakanibubujika, na kilichotoka kilikuwa mgumio tu. Mzee mmoja, kwa huruma kabisa, akasema koo la mtoto huyu limekauka, mpeni anywe. Wakaniletea mrija uliochomekwa kwenye chungu cha pombe ya mume wangu. Ulikuwa kitu pekee kinachopita vizuri kati ya meno yangu, nami nilikuwa na kiu ya tangu asubuhi. Nikanyonya. Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, na jua halijazama nilikuwa nyuma ya pikipiki ya mume wangu, narudi.

Jirani yangu wa Rumonge, mama aliyetoka upande wa Kivu, ndiye aliyenikokota mpaka hospitali, kwa mtu wa kine, kijana anayenyoosha viungo vilivyokakamaa. Huyo hakunivuta wala hakunisukuma. Aliweka vidole mbele ya masikio yangu akasikiliza, akanieleza kwamba ndani ya kiungo cha taya kuna kigodoro kidogo, changu kimehama mahali pake, na misuli imejikaza kukilinda. Nijikande kwa kitambaa cha moto asubuhi na jioni. Nile uji na ndizi za kupondwa, mua na mahindi ya kuchoma nivisahau. Nibandike ulimi kwenye kaakaa, nifungue mdomo polepole mbele ya kioo, nifunge, nirudie. Meno yasigusane ila wakati wa kula. Akasema Bujumbura wanaweza kunitengenezea kifuniko cha plastiki cha kuvaa kwenye meno wakati wa kulala, na kisu ni jambo la mwisho kabisa, wengi hawafiki huko. Kisha akainamisha kichwa.

"Mama, dawa yangu haiwezi kushinda mukono wa mutu."

Sikuwa nimemwambia kitu kuhusu mkono wa mtu. Niliona aibu, nikamkasirikia yeye, maskini, badala ya mwenye mkono.

Baada ya miezi miwili nilifika vidole viwili. Nikaanza kuita wateja tena, kwa sauti ya chini chini. Jumapili moja, tumetoka kanisani, mume wangu akanikuta namweleza jirani habari ya yale mafuta. Akanivuta ndani, akanibana ukutani, akanifunika mdomo kwa kiganja ili ninyamaze, na kidole chake kimoja kikaingia. Nikauma. Sikuuma kwa bahati mbaya, nisiwadanganye. Niliuma mpaka nikafika mfupani, damu yake ikanijaa kinywani, na nilisikia raha. Kisha taya likakaza, na nilipotaka kumwachia sikuweza. Tulianguka chini pamoja, yeye akilia kama mbuzi, mimi nikimtazama machoni kwa karibu, mpaka jirani alipokuja na kitambaa cha maji ya moto, akanikanda mashavu yakalegea. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kesho yake kijana wa kine akanipima: kidole kimoja, tumerudi mwanzo. Akauliza nimetafuna nini. Nikamwambia.

Safari hii mume wangu ndiye aliyetangulia Muhuta kushitaki, nami nikaitwa. Aliketi mbele ya wazee wale wale, mkono umefungwa bendeji, akadai nimemlemaza, akadai baba anilipie. Mzee aliyeniletea mrija alimsikiliza mpaka mwisho, tena kwa upole.

"Mwanangu, kidole chako kilikuwa kinatafuta nini mu kinywa cha mke wako?"

Mume wangu alitazama bendeji, akauficha mkono nyuma ya mgongo.

Ndipo mzee akaniuliza mimi kama nitarudi.

"Sirudi," nikasema.

Neno hilo mtu analisema hata meno yakiwa yamefungwa. Na hata siku ile ya kwanza mbele ya wazee ningeweza kulisema, taya halikunizuia. Niliogopa.