Kamera Moja, Vichwa Viwili

Mume wangu alitaka kamera kuliko alivyotaka kitanda. Tulikuwa tumeoana miezi michache tu, tukipanga chumba kimoja nyuma ya duka mjini Kisii, na godoro letu lilikuwa bado sakafuni. Lakini kila jioni akitoka ofisini alipitia dirisha la duka kuitazama ile kamera ya Kijerumani, kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. Nami nilimpenda hivi kwamba nikaanza kuitaka kamera mwenyewe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mpiga chapa kwa wakili mmoja, na mara nyingi nilijikuta nacheka peke yangu mbele ya taipureta bila sababu yoyote.

Mwenye duka, ambaye ndiye pia mwenye chumba chetu, alikuwa Mhindi wa makamo, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Jumamosi moja mchana alituita ndani. Akaiweka kamera juu ya kaunta, kisha akaweka kando yake vitu viwili vyeusi.

"Kamera ni moja," alisema, "lakini iko na vichwa viwili. Hii unaangalia chini. Hii unaangalia mbele. Mimi nauza kamera na kichwa moja. Ile nyingine, iko mteja wa Kisumu anangoja."

Kichwa cha kwanza kilikuwa kama kisanduku kisicho na mfuniko. Ulibonyeza kitufe, kuta nne ndogo zikasimama zenyewe. Kamera uliining'iniza tumboni, ukainamisha kichwa, na chini kabisa ya kisanduku palikuwa na kioo cha mraba, upana wa biskuti. Nilikuwa wa kwanza kuchungulia. Barabara nzima ilikuwa humo ndani! Baiskeli, mwanamke na mwavuli wake, punda wa kuchota maji, wote wadogo, wote wakitembea, na rangi zao zikimetameta kuliko za kweli. Nilipiga ukelele hata mke wa mwenye duka akatokeza uso kwenye pazia la nyuma kuona kama kuna aliyeumwa na nyoka.

Kasoro yake ilikuwa moja: kushoto kulikuwa kulia, na kulia kushoto. Punda aliyekuwa akienda kushoto, ndani ya kioo alikwenda kulia.

Kichwa cha pili kilikuwa kizito, kimefungwa pande zote, na ulikibandika jichoni. Humo kila kitu kilikaa mahali pake. "Hiki ndicho cha waandishi wa habari," mume wangu alisema, akajinyoosha. Ni mrefu, na pale alionekana kama mtu aliyetumwa kumpiga picha waziri.

"Cha kuangalia chini ndicho kizuri," nikasema.

"Cha kuangalia mbele."

"Chini!"

Mwenye duka alitia filamu, akatusukumia vyote viwili. "Nendeni navyo mpaka Jumatatu. Mtagombana huko huko."

Tulianza na soko la Daraja Mbili siku hiyo hiyo. Mume wangu alibandika kichwa chake kizito, akaielekeza kamera kwa mama mmoja aliyeuza ndizi. Yule mama alijifunika leso uso mzima. Jirani yake akageuka akampa mgongo, na wa tatu akauliza kwa sauti ya kufika Nyamira kama sasa watu wanauzwa pamoja na ndizi. Tuliondoka haraka, nikiwa nimejiziba mdomo.

Tukabadilisha kichwa nyuma ya kibanda. Safari hii mume wangu aliinama juu ya kisanduku, akasimama kimya mbele ya mama wa mboga. Yule mama alimtazama kwa huruma.

"Umepoteza nini, mwanangu?"

"Hapana, mama, naangalia tu."

"Wacha nikusaidie kutafuta," akasema, naye akainama kupekua chini kati ya sukuma wiki. Mume wangu akampiga picha ya mgongo.

Kisha akapita msichana na kapu la maembe kichwani, na mume wangu akaamua kumfuata ndani ya kioo. Msichana alielekea kushoto, yeye akaelekea kulia, macho chini, miguu mbio, mpaka akaangukia rundo la mitumba. Kamera aliinyanyua juu kama mtoto anayeokolewa mafurikoni. Mwenye rundo hakukasirika. Alimwambia kwa kuwa ameshaingia, achague koti. Nilicheka nikakaa chini.

Jumapili tukapanda kwenda Gesima kwa wazazi wangu. Baba alikuwa bado kanisani kwenye kikao cha wazee, kwa hiyo tulimkuta mama peke yake. Hapa lazima niseme jambo. Kwetu Wagusii, mama mkwe na mkwe wake wana heshima yao, chinsoni. Hawapeani mkono, hawataniani, hawakaziani macho. Tangu harusi, mama alikuwa ameongea na mume wangu akiwa ameitazama migomba, naye akamjibu akiwa ameutazama ukuta. Siku hiyo mume wangu aliketi uani kwenye kiti, ubavu akiuelekeza nyumbani, na mama akasimama mlangoni akiangalia majani ya chai.

"Hilo sanduku ni la nini?" aliniuliza kwa Kigusii.

Nilimvika mkanda shingoni, nikafungua zile kuta nne, nikamwambia ainame. Aliinama. Halafu mabega yakaanza kumtikisika.

"Ng'ombe wangu anarudi nyuma," alisema. "Mwambie anapotea!"

Nilimwonyesha jinsi ya kuzungusha lenzi ili ukungu uondoke. Aliangalia chai, akaangalia jiko, akawaangalia kuku. Kisha, polepole sana, kama mtu anayegeuka tu kupunga upepo, akazunguka na kamera tumboni, na nikajua anakokwenda. Alisimama akielekea uani, uso wake chini kabisa ndani ya kisanduku.

"Kumbe ana mwanya," akasema.

Mume wangu alisikia. Alikauka kwenye kiti kama gunia la mahindi.

"Na masikio hayo! Mbona hukuniambia? Na shingo ni ndefu, nilidhani ni kola." Hakuinua kichwa hata kidogo. "Mwambie acheke nimwone vizuri."

"Mama anasema ucheke," nikamwambia, ingawa alikuwa amesikia kila neno.

"Naruhusiwa?" alininong'oneza bila kutikisa midomo.

"Amekuambia yeye!"

Mume wangu alijaribu kucheka kwa adabu, ikashindikana, akapasuka kweli, mwanya wote nje. Mama naye alikuwa ameshika kamera kwa nguvu, na kidole chake kikabonyeza. Kwenye kamera ile, ukishapiga, kioo huwa giza totoro mpaka uzungushe filamu. Mama hakulijua hilo.

"Ameenda wapi?" alipiga kelele. "Alikuwa hapa! Nimemfanya nini?"

"Nipo, mama!" mume wangu akajibu, akasahau kabisa ukuta wake.

Basi tukacheka. Mama alishikilia mlango, mume wangu akainuka akajishikilia kwenye kiti chake, na mimi machozi yakanitoka. Walicheka pamoja wawili hao kwa mara ya kwanza, yeye akitazama chai na mama akitazama kisanduku. Nilipomuuliza mama baadaye kama hakuvunja heshima, alinitolea macho.

"Nimemwangalia nani? Mimi nimeangalia kioo."

Jumatatu mwenye duka alituuliza, "Haya, kipi?"

"Cha kuangalia mbele," nikasema haraka, maana njiani nilikuwa nimeamua kumpa mume wangu alichotaka.

"Cha kuangalia chini," naye akasema wakati uleule.

Tukatazamana. Mwenye duka akaivua miwani akaifuta.

"Nataka mama aendelee kuniona," mume wangu alisema, akaona haya.

Picha ziliposafishwa, tulizipanga juu ya kaunta. Zile za soko zilikuwa migongo na leso. Ya mama ilikuwa imelala upande, safu za chai kama zinataka kumwagika, lakini katikati alikuwa mume wangu, kinywa wazi, mwanya wake, masikio yake, mkono mmoja juu. Mwenye duka alisema hajaona picha ya mtu mwenye furaha hivyo, akamwita mkewe aje aione.

Tulimpelekea mama zote. Alizipitia moja moja, kisha akazirudia.

"Na wewe uko wapi?" akaniuliza.

Kweli, sikuwemo hata katika moja. Akaidai kamera pale pale, akanisimamisha kando ya chai, akainama, akanisogeza huku, akanirudisha kule, akakosea pande zote mbili, akabonyeza. Katika picha hiyo nimetoka kuanzia magoti kushuka chini. Viatu vyangu vilikuwa vipya, na vimetoka vizuri sana.