Bustani Tatu za Wanyama

Miaka ya tisini, mjukuu wangu wa darasa la pili alipelekwa na shule yao kwenye bustani ya wanyama kule Lang'ata, akarudi hakimu. Mwalimu alikuwa amewaambia bustani za dunia hupangwa kwa ukubwa, kwa sifa na kwa wanyama walioko. Basi akaanza kutupanga na sisi nyanya zake.

Wazazi wake walikuwa kazini kutwa, kwa hivyo likizo ya Agosti ilikuwa lazima akae kwa mmoja wetu: kwangu Laini Saba, mimi mamake baba yake anayeniita Dani, au kwa mkwe wangu, mamake mama yake, anayemwita shosho, Kawangware. Mimi nilimtaka. Sikusema, lakini sukari nilikuwa nimeshanunua.

Mkwe alimleta Jumamosi moja. Mtoto akasimama katikati ya chumba changu, akachungulia chini ya kitanda.

"Dani, wanyama wako wako wapi?"

"Kuku ndiye huyo."

"Kwa shosho kuna mbuzi, bata na sungura. Shosho ni namba moja. Pale tulienda na mwalimu, namba mbili." Akanihurumia kidogo. "Wewe ni namba tatu, Dani."

Mkwe akafunika mdomo kwa leso. "Pole, mkwe. Lazima kuwe na wa kushika mkia."

Nikamwuliza mtoto, "Simba wa mwalimu alinguruma?"

"Alikuwa amelala tu."

"Wangu hunguruma. Alfajiri, redio za majirani zikiwa bado kimya, unamsikia ukiwa kitandani, kutoka upande wa mbuga ya Lang'ata. Kawangware mnasikia nini? Bata."

"Huyo simba si wako," mkwe akasema.

"Chakula anapewa na serikali. Sauti anatuletea sisi."

Mkwe alitaka kushuhudia mwenyewe, lakini kwetu Wajaluo mkwe halali nyumbani kwa mkwe, na hilo nililijua nikiongea. Jioni akarudi kwake peke yake, amenikazia macho.

Alfajiri mtoto akanigusa. Kitu kilikuwa kinaunguruma, karibu kabisa.

"Dani, ndiye?"

"Huyo ni fundi viatu, ng'ambo ya mabati. Anakoroma."

Alicheka mpaka fundi akaamka, akauliza kupitia ukutani kuna nini.

"Tunangoja simba," mtoto akamjibu, "na wewe unatuharibia."

Akakataa kwenda Kawangware kabla ya kumsikia. Wiki ikaisha, nyingine ikaisha. Kila Jumapili mkwe alipitia kwangu baada ya kanisa.

"Mtoto anakuja lini?"

"Bado simba."

"Labda amehama."

"Labda bata wako wamemtisha."

Alinguruma mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimeamka kuwasha jiko mlangoni, nikamsikia wazi, akanyamaza, akarudia. Mtoto alikuwa amelala mdomo wazi. Nikapuliza makaa polepole. Mimi siamshi mtoto aliyelala.